Wasomaji Wanauliza: Kuongea Mbele ya Mstari

Barua tulizochagua mwezi huu, kutoka Moshi na Arusha, zote zinahusu mstari wa asubuhi shuleni.

Binti yangu yuko darasa la sita na kila Jumatano ndiye anayesoma taarifa ya habari mstarini. Nyumbani anasoma vizuri, ila walimu wanasema watoto wa nyuma hawamsikii. Akiambiwa aongeze sauti, anapiga kelele mpaka koo linamkauka. Tufanyeje? *Mama wa Majengo, Moshi*

Mama, hilo agizo la "ongeza sauti" liacheni kwanza. Mtoto akiambiwa hivyo hubana koo, sauti inapanda na kuwa nyembamba, na maneno yanazidi kupotea. Anachohitaji ni pumzi na mwendo wa taratibu. Asimame miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, avute pumzi mpaka tumbo lisukume mkanda wa sketi huku mabega yakitulia, aseme sentensi moja, kisha anyamaze na kuvuta nyingine.

Sebuleni kuna kuta na dari za kumrudishia sauti, uwanjani hakuna. Kwenye eneo la wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo aliye mita 20 anapata desibeli 12 pungufu ya aliye mita 5, na mara nyingi huyo wa mita 20 ni darasa la saba, ndio wanaocheka.

Tatizo la pili huwa liko kwenye karatasi. Dakika tatu zinatosha maneno 300, si zaidi: habari nne au tano, kila moja sentensi tatu. Aandike upande mmoja tu wa karatasi, herufi kubwa, aruke mstari, na tarakimu azigeuze maneno, maana 2,340 humkwamisha hata mtu mzima. Penye kupumua aweke mkwaju (/) kwa penseli. Karatasi aibane kwenye jalada gumu na kuishika usawa wa kifua. Akiiinua usoni anaisomea karatasi.

Kama habari anazitoa kwenye gazeti, muangalie neno "jana". Gazeti la Jumanne likisema "jana" lina maana ya Jumatatu, na mtoto akilisoma vilevile Jumatano anakuwa amedanganya shule nzima. Kosa hili ni la kawaida mno na sijui kwa nini walimu wa zamu wanalipitisha.

Pia sentensi zetu zina sehemu mbili zisizotaka kumezwa. Mwanzoni ndipo kinapokaa kikanushi: "hatutafunga shule" ikikatwa kichwa inasikika "tutafunga shule", na hapo ndipo uvumi unapoanzia. Mwishoni mara nyingi hukaa siku na saa, na ndipo pumzi inapoisha. Mfundishe kuanza na kumaliza kwa nguvu ileile.

Mazoezi myafanye mahali pa wazi. Wewe simama hatua 25 kutoka kwake, unyooshe mkono kila neno linapokupita. Fanyeni asubuhi, saa ileile ya mstari. Adhuhuri ardhi ikishapata moto, hewa ya chini huwa ya joto kuliko ya juu na sauti hupinda kuelekea angani, kwa hiyo mtoto ataonekana ameshindwa bila kosa lake.

Wazazi walituchangia maiki na spika mbili. Kila mwanafunzi akianza kuongea vinapiga mluzi. Fundi kaja mara mbili, anasema vyombo ni vizima. *Mwalimu, Sakina, Arusha*

Fundi yuko sahihi. Mluzi hutokea pale sauti ya spika inaporudi kuingia kwenye maiki, ikakuzwa tena, ikazunguka hivyohivyo. Bila shaka spika zako ziko barazani nyuma ya msemaji, kwa sababu waya ni mfupi na soketi iko ofisini. Nunua waya wa kuongezea, uzisogeze spika mbele ya msemaji, moja kila upande, zikiwatazama wanafunzi. Maiki ibaki nyuma ya spika. Ziinue juu ya meza, la sivyo darasa la kwanza ndio watakaozimeza sauti zote kwa miili yao.

Kisha anza na sauti sifuri. Mchukue mtoto mwenye sauti ndogo kuliko wote, aongee maiki ikiwa umbali wa ngumi moja, wewe upandishe polepole. Ikianza kuimba, rudisha chini kidogo, na hapo usiguse tena. Wanafunzi wakatazwe kufunika kichwa cha maiki kwa kiganja. Wanaiga wasanii, lakini maiki iliyofunikwa hupokea sauti kutoka pande zote na mluzi unazidi. Kupuliza na kuigonga ili kuijaribu nako si kuzuri. Inatosha kusema "habari za asubuhi". Herufi P na B zikilipuka, ishushwe kidogo chini ya mdomo. Siku ya upepo ivikwe sponji.

Na umeme ukikatika katikati ya tangazo? Msemaji asisubiri jenereta. Asogee hatua tano mbele na kuendelea kwa mdomo.

Magoti yananitetemeka na kinywa kinakauka nikisimama mbele. Kuna dawa? *Kidato cha pili, Njoro, Moshi*

Dawa ya kumeza huihitaji. Kunywa uji asubuhi, usipande na tumbo tupu. Pata mafunda mawili ya maji ya kawaida kabla ya kuitwa. Sentensi mbili za kwanza zikariri kabisa, kwa kuwa tetemeko huwa kali mwanzoni. Usikaze magoti: mtu akisimama muda mrefu bila kujongea, damu hutuama miguuni, na ndiyo maana kuna wanaoanguka mstarini. Akianguka mtu, mlazeni chali na kumwinua miguu. Msimkalishe.

Sisi tuliomaliza pamoja darasa la saba tunarudi shuleni kwetu kukabidhi madawati. Nimepewa dakika tano mstarini. Natamani kuwaonjesha watoto raha ya ngonjera zetu za zamani, lakini wenzangu wanasema nitawachosha. *Mhitimu, Ngarenaro, Arusha*

Utawachosha ukisimulia. Usipowasimulia, mkaighani, watasikiliza. Sifa za "enzi zetu" zina raha kwa aliyekuwepo tu. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama juani anataka kuona kitu kikitendeka. Kwa hiyo gawa hivi: dakika moja ya salamu na utambulisho, tatu za ngonjera, moja ya kukabidhi madawati.

Chagueni beti nne, mjigawe pande mbili zinazojibizana, maana ngonjera bila mabishano ni shairi tu. Arusha mna sababu ya ziada ya kuipenda: Mathias Mnyampala na washairi wenzake waliitumia sana kueneza Azimio la Arusha la 1967. Hilo liseme kwa sentensi moja, basi.

Mkiwa kundi, kinachoharibika kwanza ni mwendo. Kufikia ubeti wa pili kila mmoja yuko kivyake. Mshororo wa kawaida una mizani (yaani silabi) 16, nane ukwapi, kile kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili, kama huu: "Tulisimama mstari, na kengele ikilia". Pumueni kwenye mkato na mwisho wa mshororo, si kwingine. Kiongozi awe mmoja na asimame pale ambapo wote wanamwona kwa pembe ya jicho. Akiinua kidevu mnavuta pumzi, akikishusha mnaanza. Kibwagizo wafundisheni watoto kabla hamjaanza, mara mbili, ili wakiitikie.

Salamu zisirefushwe. Walimu waliokuzidi umri waamkie kwa shikamoo mbele ya watoto. Watoto wakikuamkia itikia marahaba, kisha nyamaza mpaka miguu itulie. Kama mwalimu wa zamu amekwishawataja wageni, "itifaki imezingatiwa" inatosha. Mwombe pia apange mstari jua liwe ubavuni, lisiwapige wao usoni wala wewe. Anayekunja macho hakutazami.