Uwanja una wenyewe?

SWALI: Ninafundisha michezo sekondari ya serikali, Mbagala. Wavulana wana uwanja siku nne, wasichana Ijumaa tu. Wenzangu wanadai wasichana hawapendi mazoezi. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na daftari, Mwalimu. Wiki mbili andika nani katumia uwanja, dakika ngapi, mipira mingapi, kisha mpelekee mkuu wa shule kabla ratiba ya muhula haijapangwa. Gaweni siku mbili kwa mbili; Ijumaa wapokezane. Wasichana waanze mapema, mara tu vipindi vinapoisha. Giza likiwakuta kituo cha daladala, wazazi huwazuia, halafu tunasema hawapendi.

Kagua na vifaa. Kwa walio chini ya miaka 18, tufe la wasichana ni kilo 3, la wavulana kilo 5. Mkuki gramu 500 na 700. Penye tufe moja zito, msichana hushindwa kulishikilia shingoni, kiwiko kinashuka, analitupa kama mpira, bega linauma, anaacha. La kilo 3 linunuliwe kwanza, hata kabla ya jezi.

Chumba cha kubadilishia nguo kiwe na komeo la ndani, na pedi za akiba. Netiboli nayo isitumike kuwanyima soka wanaoitaka.