Kabla hujaandika historia ya shule yako ya msingi, kamuulize mpika uji

Juzi msomaji mmoja wa Kahama kaniandikia: "Kaka, shule yetu ya msingi inatimiza miaka hamsini mwakani, na kamati imenitwisha mimi kazi ya kuandika historia yake. Naanzia wapi?" Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Nilipousikiliza tena nikaona haya, maana dakika tisa zilikuwa za kulalamika. Ngoja niandike, labda nitajizuia.

Shule yangu iko wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Niliingia darasa la kwanza 1981 nikatoka 1987. Asubuhi tulikuwa tunawahi namba: ukifika unapewa namba, na kuanzia arobaini kwenda mbele mwalimu wa zamu anakusubiri na fimbo ya mpera. Kidumu cha maji mkono huu, fagio la chelewa mkono ule, siku za shamba unaongeza jembe begani. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni kwa mnyororo, kinagongwa kwa nati kubwa. Kila kiranja alikuwa na mkono wake, ungeweza kufumba macho ukamtaja anayegonga.

Darasa letu tulikuwa hamsini na wawili. Walichaguliwa wawili kwenda sekondari. Mimi sikuwa mmoja wao, na nitaeleza kwa nini nalisema hilo.

Mwaka jana wahitimu walipounda kamati ya sherehe nilijitolea kuandika kijitabu. Hakuna aliyenituma. Miezi saba, nauli yangu, vocha yangu. Habari za vibali na barua za utambulisho nazipita, zinachosha hata kuzikumbuka. Siku nitakayoikumbuka ni ile mwalimu mkuu alipofungua kabati la stoo akanitolea rejista za zamani za uandikishaji, jalada limeliwa na mchwa, kurasa zinanuka popo.

Mdogo wangu wa Kahama, anzia hapo. Anzia kwenye rejista. Mimi nilikaa chini sakafuni nikasoma safu ya kazi ya mzazi: mkata mkonge, mkata mkonge, mkata mkonge, karani, mkata mkonge. Safu ya mahali anakotoka: Songea, Kasulu, Makete, Songea. Nilikuwa nikidhani shule yetu ni ya Wabondei na wageni wachache. Kumbe nusu ya darasa ilikuwa watoto wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge waliotoka mikoa ya mbali, waliofuata mmea ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta 1893, mwaka uleule ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Tanga. Yaani mkonge uliotuletea wenzetu na chuma kilichokuwa kengele yetu vina umri mmoja. Nililiandika hilo kwenye kijitabu, ukurasa wa 6, na bado nalionea fahari.

Rejista inasema mengi ukiitazama kwa jicho la mtu aliyesoma pale. Kwenye jalada moja jina la misheni limekatwa kwa wino mwekundu. Hiyo ni Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali. Mzee mmoja aliniambia ndipo baba yake alipokubali kumleta shule, kabla ya hapo aliogopa mtoto atabatizwa. Kisha unafika 1977 na kurasa zinafurika, watoto wa miaka saba wameandikwa pamoja na wa miaka kumi na mbili, kwa sababu Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka huo. Ndipo walipokuja walimu wa UPE, yaani mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha. Watu waliwacheka, wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Aliyenifundisha kusoma ni mmoja wao, kwa hiyo utani huo mbele yangu usiufanye.

Ushauri wa pili: usiwaulize watu mwaka. Mtu ukimuuliza mwaka anakutajia wowote ili umwache aende zake. Muulize ilikuwa kabla ya vita ya Kagera au baada, Sokoine alikuwa hai au ameshafariki, ilikuwa kabla ya mvua za El Niño au baada. Hapo atanyamaza, atahesabu mimba za mkewe, atakupa jibu lililonyooka. Na nenda mapema. Nimewazika watatu niliokuwa nimepanga kuwahoji "mwezi ujao".

Sasa niseme la aibu. Kwenye kizingiti cha ofisi ya walimu pamechorwa 1958 kwenye saruji. Nilipiga picha, nikaandika kwamba shule ilianzishwa 1958, tukachapa nakala 300. Siku ya sherehe, mgeni rasmi amekwishazindua, bibi aliyetupikia uji wa bulga miaka ile akanishika mkono nyuma ya maturubai. "Mwanangu, ile sakafu kamwaga marehemu mume wangu, tumeoana mwaka huohuo. Shule ilikuwa imeshakaa zamani, chini ya mwembe. Kaka yangu mkubwa kabatizwa akiwa mwanafunzi pale."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Hukuniuliza."

Kweli sikumuuliza. Niliwahoji walimu wakuu wanne, diwani mstaafu na wale waliochaguliwa kwenda sekondari. Mimi, niliyeachwa, nilikwenda kuwatafuta walewale waliochaguliwa! Nikampita bibi aliyenipakulia uji kwenye kikombe cha bati miaka saba. Na siku hiyohiyo nikaonja yangu: dibaji imeandikwa na mtu aliyelipia uchapaji, picha yake imekaa kwenye jalada, mshereheshaji kamshukuru yeye kwa "utafiti wa kina". Jina langu liko ukurasa wa mwisho, limekosewa herufi. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma karibu na spika. Nilijiambia haliniumi. Ona, naliandika hapa.

Basi wewe unayeandika, usiwafanyie wengine nilichofanyiwa na nilichokifanya. Shule haikuwa ya walimu wakuu peke yao. Kulikuwa na mlinzi, mpika uji, fundi wa madawati, na wale hamsini waliorudi nyumbani wakashika jembe. Nenda kwao. Shule ya Mwisenge kule Musoma kila mtu anaijua kwa sababu Julius Nyerere aliingia pale 1934. Yetu haikutoa rais, haitaandikwa na mtu wa mbali. Tusipokwenda sisi hakuna atakayekwenda, na tunakaa kwenye magrupu ya WhatsApp tunatumiana picha za fimbo na kucheka.

Kama shule yenu ilitokana na misheni, omba kuona vitabu vya ubatizo. Mimi nimekwenda kwa katekista wiki iliyopita, tukalipata jina la kaka yake bibi. Ni 1947. Nakala 112 zilikuwa zimebaki kwangu, nimekaa jioni mbili nazisahihisha kwa kalamu ya wino, moja moja. Zilizogawiwa zimekwenda na kosa lake.

Bibi ameniambia nirudi Jumamosi na sukari kilo mbili. Anajua kipande kile cha reli kilifikaje mwembeni, na nani alikibeba usiku. Nilimwomba anieleze kwa simu, akakataa, akasema mwenye reli anaweza kuwa anasikiliza.