Wachezaji Watatu Waliofungwa Kamba

SWALI: Nilipoujaribu mchezo wa zamani wa video uitwao Pelé's Soccer, wa mashine ya Atari 2600, nilikuta kila timu ina wachezaji watatu na golikipa tu, nao watatu hao husogea pamoja kama waliofungwa kamba. Je, waliouunda hawakuijua kandanda?

JIBU: Waliijua, mashine ndiyo haikuijua. Atari 2600 ilitoka mwaka 1977 ikikusudiwa michezo kama vile vifaru viwili kurushiana risasi au vibao viwili kurudishiana mpira, na ndiyo maana chipu yake ya picha ilichora vitu vitano tu vinavyosogea: maumbo mawili ya wachezaji yenye upana wa nukta 8, risasi mbili na mpira mmoja. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 128, na baiti moja hutosha herufi moja tu. Swali lako peke yake, ndugu msomaji, lina herufi nyingi kuliko hizo.

Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuhifadhi picha nzima, programu ililazimika kuichora mstari baada ya mstari, ikienda sambamba na mwale uliochora picha kwenye televisheni za wakati huo ulipokuwa ukishuka, na kwa kila mstari prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilipata mizunguko 76 tu ya kazi. Hata hivyo, umbo lililokwisha kuchorwa juu liliweza kutumiwa tena chini yake, na katika mstari mmoja liliweza kurudufiwa mara mbili au tatu, ila kwa nafasi zilizopangwa, hivi kwamba nakala moja ikisogea, mwenzake husogea pia. Kwa nyenzo hizo, wachezaji kumi na mmoja wanaokimbia kila mmoja upande wake ni muhali.

Nami naona pembetatu ile wanayoiunda wachezaji watatu ilichaguliwa kwa busara kubwa, maana ndilo umbo dogo kabisa linalomwachia mwenye mpira wenzake wawili, na pasi ndiyo roho ya kandanda.

Jina la Pelé, aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 1958, 1962 na 1970, lilikuja baadaye. Mwaka 1980 mchezo huo uliuzwa kwa jina la Championship Soccer. Ukiucheza tena, uangalie uwanja wenyewe: ni mrefu kuliko skrini, na picha huufuata mpira, hivyo goli la mpinzani halionekani mpaka ulisogelee.