Maswali Yenu: Yule Mama wa Maine

Wiki hii barua nyingi zinauliza jimbo la Maine, Marekani, tu. Kiti cha Seneta Susan Collins kinarudi kwa wapiga kura Novemba 3, 2026, na ghafla kila mtu ni mchambuzi. Haya, twende.

Mwaka 2020 Trump alishindwa vibaya Maine. Collins, wa chama hichohicho cha Republican, aliponaje? (Msomaji, Mombasa)

Aliponea kwa sababu watu wa Maine husoma karatasi ya kura hadi chini. Siku ileile, Biden alimpita Trump jimboni humo kwa pointi 9. Mistari michache chini yake, Collins akampita Sara Gideon wa Democratic asilimia 51 kwa 42. Mwaka ule hakuna jimbo lingine lililompa rais wa chama kimoja na seneta wa chama kingine. Mwaka 2016 halikuwepo hata moja.

Collins wamemchagua tangu 1996. Kwao ni Caribou, kule juu kaunti ya Aroostook, nchi ya viazi inayopakana na Kanada, na ukoo wake ni wauza mbao. Gideon alikuwa Spika wa bunge la jimbo, cheo si haba, lakini alizaliwa Rhode Island, na Maine mtu wa kuja ni wa kuja hata azeeke huko. Alikusanya zaidi ya dola milioni 70, zaidi ya mara mbili ya mwenzake, katika jimbo la watu milioni 1.36. Uchaguzi ulipoisha, dola zaidi ya milioni 10 zilikuwa bado zimelala kwenye akaunti ya kampeni. Hakukuwa tena na tangazo la kununua. Nimeandika mara ngapi humu kwamba pesa za wageni hununua matangazo, hazinunui ujirani? Sehemu kubwa ya pesa zile ilitoka nje ya jimbo, kwa watu waliokasirishwa na kura ya Collins ya 2018 ya kumpitisha Jaji Kavanaugh kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani. Hasira ya mtu wa California haipigi kura Aroostook.

Tafiti za maoni zote zilimpa Gideon. Zilinunuliwa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Kukosea si kuhongwa, na naomba swali hili lisirudi tena. Utafiti mmoja wa Septemba ulimweka Gideon mbele kwa pointi 12. Waliokubali kujibu simu walikuwa wengi wa aina moja, basi. Ukiwauliza waliokuja harusini tu, utaambiwa bibi harusi anapendwa na mji mzima.

Nasikia Maine mtu anapiga kura mara tatu. Ni kweli? (Msomaji, Kisumu)

Anapiga mara moja, ila anapanga. Karatasi ina majina upande wa kushoto na safu za viduara kulia: chaguo la kwanza, la pili, la tatu, kuendelea. Unajaza kiduara kimoja kila safu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata. Mwaka 2018 Jared Golden aliingia Baraza la Wawakilishi hivyo, ingawa hesabu ya kwanza ilimwacha nyuma. Wa Gideon waliweka tumaini hapo: Lisa Savage, mgombea huru, alipata karibu asilimia 5 na aliwaomba watu wake wamweke Gideon wa pili. Collins akavuka nusu, na zile chaguo za pili hazikuhesabiwa kabisa.

2026 nani atashinda?

Muulize mganga.

Seneta wa Marekani ni sawa na wetu wa kaunti? (Msomaji, Nakuru)

Jina tu. Huyu anakaa miaka 6, anapitisha majaji na mawaziri, na kila jimbo lina wawili, liwe Maine au California.

Niko Lewiston, Maine, nina kadi ya kijani na kodi nalipa. Naruhusiwa kumpigia kura au kumnyima? (Msomaji mwenye asili ya Bukavu)

HAPANA. Uchaguzi wa shirikisho ni wa raia tu. Kodi haikupi kura, wala miaka uliyokaa. Kwa kadi ya kijani unaweza kuchangia kampeni ukitaka. Mwenye viza ya masomo au anayesubiri hifadhi asitoe hata senti.

Hukuniuliza hili, lakini nakuonya: pale kwenye leseni ya udereva, kwenye fomu ndefu ambayo watoto wanakusomea harakaharaka, kuna swali la kujiandikisha kupiga kura. Usitie alama ya kukubali. Kujiita raia huku si raia kunaweza kukufungisha, kukufukuzisha nchini, na kukuzibia njia ya uraia wenyewe. Na kama ulishatia, usikimbilie ofisini kujieleza. Tafuta kwanza wakili wa uhamiaji, mwenye leseni, si yule jamaa anayejaza fomu za watu nyuma ya duka.