Mdogo wangu kabadilika, nimnyang'anye simu?

SWALI: Shangazi shkamoo. Mdogo wangu ana miaka 19, tuko Wete. Siku hizi barazani hakai, usiku kucha yuko na simu chini ya shuka, juzi kamwambia babu sala yake haifai, babu kalia. Kuna namba ya nje inamtumia video na kumwambia asituoneshe. Nimnyang'anye?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimnyang'anye, atapata nyengine na wewe hatokwambia tena kitu. Kijana kushika sala ni kheri, kinonitisha mimi ni hiyo "usiwaoneshe". Watu wanovuta vijana kwenye vikundi vya vita vya itikadi kali ndo wanavofanya, kwanza wanakuwa marafiki, wanamsikiliza machungu yake ya kukosa kazi, kisha wanamtoa kwenye gurupu la wazi wanampeleka chemba, mwisho wanamkata na watu wake. Si mambo ya mbali haya, vita vya Cabo Delgado kule Msumbiji vilianza Oktoba 2017 na vijana wa Tanzania nao walivutwa huko.

Kaa nae, mtilie chai, muulize wanamwambia nini halafu nyamaza umsikilize hata akikukera. Kubishana nae aya kwa aya usijaribu, mtafute ustadhi alomsomesha chuo cha Kurani, yule anomheshimu toka mdogo. Lakini akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu, kuulizia pasipoti au safari ya ghafla, usingoje kesho, mwambieni sheha na polisi siku hiyo hiyo. Na babu, tafadhali mwanangu, mwambie asimfukuze.