Xié, jiā, huā: hivi hapo kina kiko wapi?

SWALI: Habari mhariri. Najifunza Kichina, mwalimu katukaririsha shairi la Du Mu, lile la kupanda mlima na majani mekundu. Anasema lina vina. Mstari wa kwanza unaishia xié, wa pili jiā, wa nne huā. Mimi nimekulia kwenye tarbia, hapo sioni kina hata kimoja, au ndo tunadanganywa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hudanganywi ndugu yangu, ila masikio yako ni ya Kiswahili. Sisi kina ni silabi nzima, "ka" inataka "ka", ukileta "ja" na "hwa" kwa malenga wa zamani anakurudishia karatasi. Mchina yeye anaangalia kuanzia irabu kuu kwenda mwisho, kinachotangulia hakimhusu, kwa hiyo jiā na huā kwake ni kina safi kabisa. Mstari wa tatu unaachwa bila kina makusudi, usiutafutie.

Sasa xié. Hapo una haki ya kulalamika, maana leo kweli haikai. Ila Du Mu kaishi 803 mpaka 852, enzi za ukoo wa kifalme wa Tang, na wakati huo neno hilo liliishia na "a" kama wenzake, matamshi ndo yamehama shairi likabaki pale pale. Walimu wengi huko China walikuwa wanawaambia watoto walisome xiá humo ndani ya shairi tu, ili kina kirudi.

Na si irabu peke yake, kuna toni pia, yaani sauti inavyopanda na kushuka kwenye silabi. Shairi la aina hii (jueju) lina mistari 4, kila mmoja herufi 5 au 7, na herufi moja ni silabi moja, kwa hiyo lako, ambalo ni la herufi 7, lote lina mizani 28 tu wakati ubeti mmoja wa tarbia yetu una 64! Ndani ya hizo 28 toni za usawa na zisizo za usawa zinatakiwa zipishane kwa mpangilio, na kina kwa kawaida kinakaa kwenye toni ya usawa. Mimi naona hii ndo kazi ngumu hasa, vina ni cha mtoto.

Halafu zamani kulikuwa na toni ya nne ya mkato (si ile ya nne unayofundishwa leo), maneno yaliyoishia p, t au k. Kimandarini, yaani Kichina sanifu cha leo, kimeitupa, Kikantoni, Kichina cha kusini, bado kinayo. Chukua shairi la Liu Zongyuan la mvuvi kwenye theluji, vina vyake kwa Kimandarini ni jué, miè, xuě, toni tatu tofauti, ila Mkantoni akilisoma unasikia "t" inagonga mwisho mara zote tatu.

Washairi wenyewe walikuwa na vitabu vya vina, vinavyopanga maneno yenye kina kimoja pamoja, kimojawapo Qieyun kilitoka mwaka 601, na waliofuata baadaye waliendelea kutunga kwa kanuni za vitabu hata midomo yao ilishabadilika zamani.

Kwenye mtihani sema xié, usije ukakatwa maksi bure. Ukiwa peke yako soma xiá uone linavyoimba.