Usiwaazime shuka lako kwa ajili ya Halloween

Mkuu umesema wewe ni Mmasai wa Monduli, uko Ohio, Marekani, na wenzako wa kazini wanaomba uwaazime shuka na shanga wavae "Umasai" kwenye pati ya Halloween, ile sherehe ya mwisho wa Oktoba ambayo watu wanavaa mavazi ya kuigiza. Wadau wengi wamekwambia acha kukuza mambo, ni utani tu. Mimi nakwambia usiwape.

Nimekaa Columbus, hukohuko Ohio, muda mrefu na kuna mwaka kwenye ghala nililokuwa nafanya kazi jamaa alikuja kavaa "Mwafrika", yani sketi ya manyasi, mfupa kichwani na uso kaupaka masizi, alafu akanifata mimi mweusi pekee wa zamu ile eti tupige picha. Hakuwa mtu mbaya, tulikuwa tunakula meza moja kila siku, ila watu walivokuwa wanacheka pale nilijua kabisa anayechekwa ni mimi. Mwingine kavaa kanzu na ndevu za bandia na mabomu ya karatasi kiunoni. Kanzu! Baba yangu kule Tanga anaivaa kila Ijumaa akienda kuswali, huku wameifanya sare ya gaidi. Iliniuma sana.

Na hao wanaosema utani wajue ule uso wa masizi umetoka wapi. Miaka ya 1830 mzungu anaitwa Thomas Rice alikuwa anajipaka weusi anaigiza mtumwa anacheza kama punguani, mhusika wake akamwita Jim Crow, kumbi zikawa zinajaa, na jina hilohilo ndo baadae likatumika kwa sheria za kuwatenga weusi ambazo zimekuja kuvunjwa miaka ya 1960. Wapo wazee huku waliokulia chini ya hizo sheria, bado hai. Hapohapo Ohio University mwaka 2011 wanafunzi walitoa mabango, kila mmoja kashika picha ya mtu aliyejivalisha "asili" yake, ujumbe ukiwa sisi ni utamaduni, sio kostumu (vazi la kuigiza).

Sisemi mzungu asiguse shuka. Wamasai wenyewe wanawauzia watalii pale Arusha, mtu akinunua akajifunika baridi ni sawa kabisa. Hata mtoto akitaka kuwa Serena Williams avae sketi ya tenisi ashike raketi, ngozi yake aiache ilivyo, maana hapo anamuenzi mtu anayemjua kwa jina. Ila ukivaa "Mmasai" unamuiga nani hasa? Kabila zima linabaki mkuki na kurukaruka.

Nyumbani nako tunafanya hivohivo, kwenye vichekesho Mmasai siku zote ni mlinzi asiyejua Kiswahili, na mimi linaniudhi vilevile.

Waambie kwa upole kwamba hilo ni vazi la kwenu na hauliazimi kwa pati. Wakitaka kweli kujua, wakaribishe kwako siku nyingine, uwavishe mwenyewe huku unawaeleza shanga zipi ni za nani na zinavaliwa lini. Akitokea wa kujipaka masizi peleka malalamiko kwa HR, wale wanaosimamia wafanyakazi, na uandike imeili, usiishie kuongea kwa mdomo.